Daftari Kwanza, Vitabu Baadaye: Namna ya Kuendesha Maktaba Ndogo ya Mtaa

Maktaba yetu ni vyumba viwili vilivyokuwa ghala la nazi, katika mji mdogo wa pwani mkoani Tanga. Tulipofungua milango tulikuwa na vitabu vingi kuliko wasomaji. Vilikuja kwa lori, ndani ya maboksi, karibu vyote vya Kiingereza: riwaya za watu wa mbali, miongozo ya kompyuta ambazo hazitengenezwi tena, ensaiklopidia yenye majuzuu yaliyoruka. Watu waliingia, wakatazama rafu, wakatushukuru kwa adabu, wakaenda zao. Mwezi wa kumi nikaanza kuandika kwenye kauntabuku kila swali ambalo mtu aliuliza akaondoka bila jibu. Kauntabuku hilo ndilo lililotufundisha kazi, na karibu kila kitu nitakachokueleza hapa kimetoka humo.

Ninakuandikia wewe uliyepewa chumba na halmashauri, na shule, na msikiti au kanisa, ukaambiwa "endesha maktaba". Huhitaji fedha nyingi ili uanze, ila utahitaji subira ya miezi miwili kabla ya kununua chochote.

Hatua ya 1: Fungua daftari la maswali

Piga mistari ugawe ukurasa sehemu nne: tarehe, rika la aliyeuliza (mtoto, kijana, mtu mzima, mzee), alichouliza, alichopata. Jina usiandike. Mtu akijua jina lake limeandikwa pembeni ya swali lake, maswali ya maana hayatakufikia.

Sehemu ya tatu iandike kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, usiyatafsiri. Mama mmoja aliniuliza kama tuna kitabu cha "kuku wanaopinda shingo". Ningeandika "ufugaji wa kuku" ningeishia kununua kitabu kinene kuhusu mabanda na chakula, naye asingeambulia kitu. Alichokuwa akikisema ni kideri, ugonjwa wa virusi usio na tiba, ambao kinga yake ni chanjo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Jibu lake lilienea kwenye karatasi moja, na afisa mifugo wa kata alikuwa nalo ofisini. Tangu siku hiyo naliheshimu neno la msomaji kama lilivyotoka mdomoni mwake.

Usikae tu mezani ukisubiri. Nenda kwenye mnada wa samaki, kijiwe cha bodaboda, kikao cha kikoba, uwanja wa shule jioni. Ukiuliza "mnapenda kusoma nini?" utapewa jibu la heshima lisilo na maana, maana hakuna atakayekwambia hapendi kusoma. Uliza hivi: "Wiki hii ulitaka kujua jambo gani ukakosa wa kumuuliza?" Hapo watu wanafunguka. Mvuvi anataka kuelewa utabiri wa hali ya hewa. Kijana anataka alama za barabarani kwa Kiswahili kabla ya kwenda kutafuta leseni. Mjane anataka kujua haki yake katika shamba la marehemu mumewe.

Baada ya miezi miwili keti chini, pitia kurasa zote na uyaweke maswali yanayofanana pamoja. Kwetu lililoongoza lilikuwa masomo ya sekondari, hasa fizikia na hisabati. La pili, kwa mshangao wangu, lilikuwa ardhi na mirathi. Hadithi za watoto zilikuja za tatu. Riwaya za Kiingereza, zilizojaza rafu sita, hazikuulizwa hata mara moja.

Hatua ya 2: Piga hodi kwa wanaohusika

Anza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa kata, kisha walimu wakuu wa jirani, halafu panda gari hadi maktaba ya mkoa ukaonane na mkutubi. Watu wengi huruka safari hiyo ya mwisho, na wanakosea. Bodi ya Huduma za Maktaba ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Katika mtandao huo wa miaka mingi kuna wakutubi waliosomea kazi hii, wengine kule Bagamoyo kwenye chuo cha Bodi. Saa moja na mmoja wao ilinifunza mambo ambayo peke yangu ningeyahangaikia mwaka mzima. Beba daftari lako la maswali. Mkutubi akiona umefika na mahitaji yaliyoandikwa, mazungumzo yanakuwa ya watu wa kazi moja.

Hatua ya 3: Punguza kabla ya kuongeza

Hatua hii inauma, kwa sababu sisi tumelelewa kuona kitabu ni kitu cha kutunzwa milele. Lakini rafu iliyojaa vitabu visivyofaa humficha msomaji kile kimoja kinachomfaa, na mtoto anayechomoa vitabu vitatu vibovu mfululizo hachomoi cha nne.

Funga maktaba siku tatu, katikati ya juma, usije ukawanyima wanafunzi Jumamosi yao. Shusha rafu moja baada ya nyingine. Shika kila kitabu mkononi, ukijiuliza maswali haya.

Je, kinasema kweli mpaka leo? Atlasi inayoonyesha Sudan kuwa nchi moja ilipitwa Julai 2011. Kitabu cha sayansi chenye sayari tisa kilipitwa 2006. Hivyo vinaweza kumkosesha mwanafunzi alama, lakini kitabu cha afya kilichopitwa kinaweza kumdhuru mtu. Tulikuwa na kijitabu kuhusu virusi vya UKIMWI kilichomwambia mgonjwa asubiri mpaka kinga ya mwili ishuke ndipo aanze dawa. Siku hizi anayepimwa na kukutwa na maambukizi huanzishiwa dawa mapema. Vitabu vya tiba, sheria, kodi na viuatilifu vikague kwa ukali kuliko vingine vyote, na ukiwa na shaka mpelekee muuguzi wa zahanati au afisa ugani akisome.

Je, ni cha mtaala unaotumika? Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, na unaendelea kupanda darasa hadi darasa. Kitabu cha kiada cha zamani usikitupe kwa pupa: hesabu za pembetatu hazijabadilika. Kibandike karatasi mbele, "Mtaala wa zamani, kwa mazoezi tu", ukiweke rafu ya chini.

Je, kiko salama? Kitabu kilichoota ukungu kitoe siku hiyo hiyo, kisije kikaambukiza vingine. Sisi wa pwani tunalijua jambo hili. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, unyevu hupenya hata kabati lililofungwa. Rafu zetu tumezisogeza kutoka ukutani upana wa kiganja ili hewa ipite, ya chini kabisa tumeinua juu ya matofali kwa ajili ya mchwa, na asubuhi zisizo na mvua tunafungua madirisha yote mawili yanayotazamana.

Je, kimeazimwa ndani ya miaka mitatu? Kama hapana, kiweke mbele, jalada likionekana, kwa mwezi mmoja. Kikikosa mtu hata hapo, mahali pake si kwako.

Kuna vitabu ambavyo maswali hayo hayavihusu. Kitabu cha zamani cha Kiswahili ambacho hakichapishwi tena, diwani ya mshairi wa mkoa wako, historia ya ukoo iliyopigwa taipu, kijarida cha chama cha ushirika cha miaka ya sabini: hivyo hata visipoazimwa, vitunze. Vifungie kabati la peke yake, visomwe palepale. Nakala ya riwaya ya Kiingereza iliyochapwa kwa mamilioni inapatikana kwingine, lakini diwani ya mzee wa mtaani kwako, ukiipoteza, pengine umepoteza nakala ya mwisho duniani.

Vinavyoondoka vigonge mhuri wa "IMEONDOLEWA" ukurasa wa kwanza na uvifute kwenye rejesta. Kabla havijatoka, waeleze watu. Mwaka wa kwanza sikueleza. Mzee mmoja aliyenisaidia kubeba yale maboksi alinunua karanga sokoni akakuta zimefungwa kwa ukurasa wenye mhuri wa maktaba. Alikuja akaketi, akanionyesha karatasi, hakusema neno. Nilimwomba radhi na nikamweleza, lakini ningemweleza kabla. Sasa tunaweka meza nje wiki nzima, kila mtu achukue anachotaka, na mabaki tunayapeleka wenyewe kwa wanaokusanya karatasi.

Kuhusu misaada: una haki ya kukataa. Mtu akikupigia simu kwamba ana maboksi arobaini ya vitabu, mshukuru, kisha mwombe orodha. Tuma yako pia, mambo kumi yaliyoulizwa zaidi kwenye daftari. Wengi wenye nia njema hufurahi kuelekezwa.

Hatua ya 4: Ongeza kwa kufuata daftari

Fedha ya vitabu, hata iwe ndogo namna gani, igawe kabla hujaingia dukani. Sisi tunaigawa hivi: nusu kwa maswali yaliyoongoza, robo kwa hadithi za watoto na vijana kwa Kiswahili, robo iliyobaki kwa kununua nakala za ziada za kile kinachogombewa. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Nakala tatu za kitabu kimoja kinachotakiwa zina faida kuliko vitabu vitatu visivyotakiwa, na foleni ya wiki sita kwa kitabu cha fizikia kabla ya mtihani wa Novemba ni sawa na kutokuwa nacho.

Vya bure vipo, tena vizuri. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada mtandaoni. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, una hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika, na leseni yake inakuruhusu kupakua, kuchapa, hata kutafsiri. Tulichapa hadithi ishirini, tukazikunja na kuzishona kwa uzi katikati, tukazijalidi kwa nailoni. Watoto huzivunjavunja, nasi tunachapa nyingine. Ukiwa na kompyuta moja hata isiyo na intaneti, programu ya Kiwix itakuwezesha kuweka Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani yake. Intaneti unaihitaji mara moja tu, siku ya kupakua.

Kutoa fotokopi kitabu kizima cha mwandishi aliye hai ukakiweka rafuni ni kumnyang'anya. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inakataza, na waandishi wetu wa Kiswahili hawana kipato kinachoweza kuvumilia hilo. Kama huwezi kununua nakala ya pili, weka orodha ya kusubiri.

Hatua ya 5: Sajili na upange

Rejesta ya vitabu iwe na namba ya usajili, tarehe kilipoingia, mwandishi, kichwa, mchapishaji, mwaka, kilikotoka na bei. Gonga mhuri ukurasa wa kichwa, na mwingine ukurasa mmoja wa ndani ulioamua mwenyewe kwa vitabu vyote, mfano ukurasa wa 17. Anayechana ule wa mbele hataujua wa ndani.

Mpango wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba kufuata mada, unaotumiwa na maktaba nyingi duniani tangu karne ya 19, unakufaa hata ukiwa na vitabu mia mbili. Huna haja ya tarakimu zote. Kwetu: 297 Uislamu, 220 Biblia, 340 sheria, 510 hisabati, 530 fizikia, 610 afya, 630 kilimo na mifugo, 967.8 historia ya Tanzania, 896.392 fasihi ya Kiswahili. Kila kundi lina utepe wa rangi mgongoni mwa kitabu, kwa sababu mtoto wa darasa la pili hasomi desimali lakini anajua njano. Bibi mmoja asiyejua kusoma huja kumchukulia mjukuu vitabu, na hajawahi kukosea rafu.

Majina ya waandishi wetu yatakusumbua, bora uamue mapema. Mpangilio wa kigeni hutaka jina la ukoo mbele, lakini Mswahili huitwa jina lake kisha la baba. Mwandishi mmoja wa Zanzibar anaonekana kwenye majalada kama Adam Shafi, na kwingine kama Shafi Adam Shafi. Tukimpanga kwa namna mbili, vitabu vyake vinakaa rafu mbili na msomaji anadhani tuna kimoja tu. Chagua namna moja, iandike mbele ya rejesta, na kwa namna ile nyingine weka kadi inayosema "tazama" na jina ulilochagua. Muulize msomaji wako anamtafuta mwandishi kwa jina gani, kisha ulifuate hilo.

Hatua ya 6: Vitabu vipya vionekane

Weka ubao mdogo karibu na mlango, vitabu vimesimama jalada mbele, si mgongo. Vikae wiki tatu, halafu viingie rafuni. Picha ya ubao iweke kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na kwenye stetasi yako, kichwa na mstari mmoja tu kwa kila kitabu. Kwa wasio na simu janja, mwombe imamu na mchungaji dakika moja ya matangazo. Na neno "Mwezi huu tumepata kitabu cha mirathi kwa Kiswahili" linawafikia watu wengi kuliko "karibuni maktaba yetu".

Hatua ya 7: Tengeneza ratiba ndogo, usiivunje

Programu moja kila wiki inayofanyika bila kukosa ni bora kuliko tano zinazoahirishwa. Mama anayemwachia mwenziwe biashara sokoni ili awalete watoto wake saa tatu, akakuta kufuli, harudi tena.

Anza na saa ya hadithi. Kwetu ni Jumamosi saa tatu asubuhi, kwa sababu mchana watoto wengi wako madrasa. Ulizia ratiba za madrasa na za mafunzo ya kanisani kabla ya kupanga, usije ukawaweka wazazi njia panda. Mwezi wa Ramadhani tunasogeza kila kitu asubuhi na kufupisha, na likizo za Juni na Desemba tunaongeza siku.

Kusoma kwa sauti kuna ufundi wake. Soma kitabu peke yako mara mbili kabla. Watandikie mkeka, nawe kaa chini pamoja nao, picha ziwatazame wao. Anza kwa desturi yao: "Paukwa!" nao waitike "Pakawa!" Kelele ile ya mwanzo inamwingiza hata mwenye haya. Soma polepole, na kabla ya kufungua ukurasa uliza, "Unadhani sasa atafanya nini?" Usimkosoe anayebahatisha. Dakika kumi na tano zatosha. Kisha wape vitendawili: mmoja anasema "Kitendawili!", wengine "Tega!", na wakishindwa wampe mji. Mwisho kila mtoto ashike kitabu, hata asiyejua herufi, akisimulie kwa picha. Watu wazima wawili wawepo wakati wote, mlango uwe wazi, na mtoto asibaki na mtu mmoja peke yake. Hilo halina mjadala hata kwa mtu unayemwamini.

Watoto wakishazoea, programu za watu wazima zitoe kwenye daftari. Yule mama wa kuku alitupa programu ya kwanza: afisa mifugo alikuja Jumatano alasiri, akaeleza chanjo, akaonyesha tone linavyowekwa, na mezani tulikuwa tumetandaza kila tulichonacho kuhusu kuku. Walikuja watu thelathini na wanne, kumi na mmoja wakaazima kitu kwa mara ya kwanza. Ndivyo tunavyofanya mpaka leo: swali lililojirudia, mtaalamu wa kata anayelijua, vitabu vyake mezani. Msaidizi wa kisheria kwa mirathi. Muuguzi kwa lishe ya mtoto. Trafiki kwa alama za barabarani, na kijiwe kizima cha bodaboda kilifika.

Siku za mwaka zitumie kwa kiasi. Aprili 23 ni Siku ya Vitabu Duniani, Septemba 8 ya kusoma na kuandika. Sisi tunaipa uzito Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kuwaita wazee waje kusimulia. Tunawarekodi kwa simu, kwa idhini yao, na kijana mmoja anaandika kilichosimuliwa. Karatasi hizo zinaingia lile kabati la vitu visivyotoka.

Hatua ya 8: Pendekeza kitabu kwa mtu, siyo kwa umma

Orodha ya "vitabu bora" ukutani haimfikii mtu. Msomaji akija, msalimie vizuri, mpe kiti, muulize anapenda mazungumzo gani au anasikiliza nini redioni. Swali la "kitabu gani cha mwisho ulikipenda?" linawaaibisha wengi ambao kitabu cha mwisho kilikuwa cha shule.

Mama anayependa taarabu mpe *Wasifu wa Siti binti Saad*, alioandika Shaaban Robert, habari za binti wa kijiji cha Fumba, Zanzibar, aliyekuja kuwa sauti ya pwani nzima. Mwambie pia kwamba mwandishi ni mwana wa Tanga, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Kwetu hilo huwafungua watu: "Kumbe ni wa hapa?" Kijana wa sekondari mpe *Siku Njema* ya Ken Walibora, mwandishi Mkenya, kwa kuwa safari ya kijana yule inaanzia Tanga hii hii. Anayependa visa vya upelelezi mpe *Mzimu wa Watu wa Kale*, cha Muhammed Said Abdulla. Mbeba mizigo wa bandarini aliyeniambia yeye si mtu wa vitabu nilimpa *Kuli* ya Adam Shafi, kuhusu makuli wa Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Alikirudisha baada ya siku nne, akauliza kama mambo yale yalitokea kweli. Na aliyesikia habari za Abdulrazak Gurnah na tuzo ya Nobel ya 2021, akadhani lazima ajue Kiingereza, mwonyeshe *Peponi*, tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis.

Toa vitabu viwili au vitatu, kimoja kiwe chembamba. Mwambie akikichoka akirudishe bila kukimaliza, hakuna atakayemuuliza. Akirudi na maneno yake, yaandike kwenye kadi ndogo uibandike ndani ya jalada: "Nililia ukurasa wa mwisho. Mama, miaka 52." Kadi hizo zinaazimisha vitabu kuliko sisi wote wawili tunaokaa mezani.

Wasioona vizuri wasisahaulike. Tuna miwani mitatu ya kusomea mezani, na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu huwasomea wazee Alhamisi jioni. Mzee mmoja alikuwa hajapitia ukurasa kwa miaka tisa.

Hatua ya 9: Azimisha kwa kuaminiana

Kadi ya msomaji iwe na jina, mtaa na namba ya simu ya mtu mmoja anayemfahamu. Vitabu viwili, wiki mbili, kuongeza muda kwa ujumbe tu. Faini tumeiondoa. Tulipokuwa tukitoza, mtoto aliyechelewa hakurudi, wala kitabu hakikurudi. Sasa kila mwishoni mwa Desemba tuna wiki ya kurudisha, kapu liko nje ya mlango na hakuna anayeulizwa neno. Vimewahi kurudi vitabu tulivyokwisha kuvifuta.

Alichoazima mtu ni siri yake. Binti akichukua kitabu cha mwili wake unavyobadilika, au mtu mzima akichukua cha kifua kikuu, hata mwalimu wake au mumewe asijue kutoka kwako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu rekodi kama hizi. Daftari la waazimaji likae ndani ya droo yenye ufunguo, si wazi juu ya meza ambapo anayefuata anasoma mstari wa juu yake. Kitabu kikirudi, kata jina kwa wino mzito.

Hatua ya 10: Ijumaa ya mwisho ya mwezi

Hesabu vitu vitatu tu: walioingia, vilivyoazimwa, na maswali yaliyokosa jibu. Nakala moja kwa mtendaji wa kata, moja kwa maktaba ya mkoa, moja ibandike mlangoni watu waione. Kisha fungua daftari la maswali, chagua matatu ambayo yamejirudia, na Jumatatu asubuhi anza kuyatafutia majibu: moja kwa kitabu, moja kwa mtaalamu, moja kwa kupiga simu kwa mkutubi wa mkoa. Likipata jibu, andika kwenye sehemu ya nne, halafu utume salamu mtaani kwa yule aliyeuliza aje.

Jana usiku nimefungua ukurasa mpya. Swali la kwanza ni la mtoto wa darasa la nne: "Kwa nini bahari inakupwa halafu inajaa?" Sina kitabu cha Kiswahili kinachomfaa kwa rika lake. Jumatatu nampigia mkutubi.